Gorogoro Iliyobonyea

Gorogoro, mkebe wetu wa kupimia nafaka, ikiwa mpya ina kitako bapa. Ukiigeuza juu chini na kuigonga kwa kichwa cha nyundo mara tatu nne, kitako huingia ndani, na mkebe uliokuwa ukijaa kwa kilo mbili hivi sasa unajaa mapema. Mnunuzi hutazama mdomo wa mkebe. Anaona mahindi yamefurika, anaona mkono wako ukiongeza ukufi juu yake, anashukuru, anaondoka. Nimeuza nafaka hapa Kisumu tangu 2009, kwenye kibanda changu cha Manyatta na Jumapili pale Kibuye, na kwa miaka 11 gorogoro yangu ilikuwa ya namna hiyo.

Kila gunia la kilo 90 lilinipa gorogoro tatu za ziada. Majibu ya kujitetea nilikuwa nayo tayari: ushuru wa kaunti, vijana wa kushusha mizigo, fukusi, mahindi yanayopungua uzito yakikauka. Tena wote walio kwenye mstari wangu walifanya vivyo hivyo, na aliyenionyesha namna ya kugonga alikuwa mama niliyemheshimu sana. Sikukosa usingizi hata usiku mmoja kwa ajili ya jambo lile. Nalisema wazi kwa sababu watu hudhani anayepunja anajijua kuwa mwizi. Mimi nilijijua kuwa mama mwenye watoto watatu wa kulisha.

La kusikitisha zaidi ni kwamba nilikuwa nimefundishwa kupima kwa haki. Kabla ya kibanda nilikuwa keshia katika duka la vifaa vya ujenzi mjini, tangu 1999. Tajiri wangu alikuwa mzee wa Kigujarati mzaliwa wa hapa hapa, ambaye babu yake alifuata reli. Reli ile ilifika ziwani Desemba 1901, mji ukiitwa bado Port Florence, na nyuma yake wakaja wenye maduka. Mzee aliongea Kiswahili cha mjini na Kijaluo cha kutosha kubishana bei. Misumari aliipima mwenyewe. Sahani za mizani zikishalingana, aliongeza msumari mmoja, ndipo akafunga gazeti. Siku moja nilimuuliza huo mmoja ni wa nini. Akasema, "Wa mkono wangu." Nilidhani Kiswahili kimempotea.

Kila Diwali alifunga vitabu vya hesabu vya mwaka na kufungua vipya, vyenye jalada jekundu. Wafanyabiashara wa Kigujarati huviombea vitabu hivyo siku hiyo, ibada wanayoiita Chopda Pujan, na mwanzoni mwa kitabu huandika Shubh Labh, yaani heri na faida. Sisi wafanyakazi tulisimama mlangoni tukisubiri mithai na bahasha. Mwaka mmoja nilikuwa nimeibiwa pochi kwenye matatu ya Kondele, na mwenzangu akanituliza kwamba karma itampata mwizi. Nikamuuliza Mzee: je, Mungu naye ana kitabu chekundu cha kuandika madeni ya watu?

Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Binti, karma maana yake kazi. Tendo, basi. Kufagia duka ni karma. Kupima misumari ni karma. Kumjibu fundi vibaya ni karma. Nyinyi mnaisikia kama kiboko." Akaniambia kwamba katika Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya pili, mungu Krishna anamwambia shujaa Arjuna kuwa haki yake iko kwenye kazi, haiko kwenye matunda ya kazi. Nilikubali kwa kichwa. Ndani yangu nilibaki na kiboko changu, kwa sababu kiboko kinaeleweka, na kwa sababu lugha yetu yenyewe imejaa viboko vya aina hiyo: malipo ni hapa hapa duniani, mchimba kisima huingia mwenyewe, apandaye upepo huvuna tufani.

Tarehe 30 Desemba 2007 matokeo ya uchaguzi yalitangazwa na Kisumu ikawaka. Duka letu lilivunjwa usiku huo. Niliporudi mjini siku kadhaa baadaye nilimkuta Mzee amesimama juu ya vioo, na rafu zote ni tupu, hata vitasa vya mlango wa stoo vimeng'olewa. Tulijua baadhi ya waliobeba. Mmoja alikuwa fundi bomba aliyekuwa akikopeshwa pale kila mwezi. Nililia. Nikamwambia Mzee kwamba wale watu watalipwa, Mungu yupo.

"Hiyo si hesabu yangu," akasema. "Hesabu yangu ni mishahara yenu ya Januari."

Alitulipa nusu mwezi ule, na nusu nyingine akaimalizia Aprili. Duka lilisimama tena, lakini dogo, na mwaka uliofuata akatuachisha watatu kwa heshima, kila mmoja na haki yake mkononi. Kwa fedha ile nilinunua magunia manne ya mahindi. Na gorogoro. Baada ya wiki mbili nikaigonga.

Kabla sijafika kwenye yaliyonigeuza, niseme jambo kuhusu nyumbani, maana karma haikuja kwa watu wasiokuwa na wazo kama hilo. Kwetu Ujaluoni kuna chira. Ukivunja mwiko, kwa mfano ukipanda mbegu kabla ya aliyetakiwa kutangulia katika boma, chira hukuandama: unakonda, watoto wanakonda. Chira haikuulizi ulikusudia nini. Umevunja, umevunja. Hapo ndipo inapoachana na karma ya Wabuddha, maana Buddha alisema nia ndiyo anayoiita karma: mtu hukusudia kwanza, kisha hutenda kwa mwili, kwa kinywa na kwa moyo.

Baba yangu mdogo alikonda na kufa 1994. Ulikuwa ukimwi, kama ulivyokuwa kwa wengi pande zetu miaka ile, lakini bomani walisema ni chira, kwamba alijenga nyumba yake pasipo utaratibu. Kwa miezi saba watu walikuja kumtazama wakiwa na swali moja usoni: ulifanya nini? Hakuna aliyemshika mkono ila mama yangu. Nilikuwa msichana mkubwa, niliona. Alikufa akijitafutia kosa. Kila ninapomsikia mtu akimtazama mgonjwa na kutamka neno karma, namwona baba mdogo ameelekea ukutani, na hasira inanipanda hadi leo.

Ungedhani mtu aliyeona hayo hawezi kuwafanyia wengine. Nilifanya.

Mwaka 2018 nilikuwa na mwenzangu wa biashara, tuliitana dada. Tulichanga fedha, yeye anakwenda Busia kuleta mahindi, mimi nauza. Safari moja nikampa 60,000, hazikurudi wala mahindi hayakuja. Alisema lori limekamatwa. Halikuwa limekamatwa, dereva mwenyewe aliniambia. Watu wema wakanishauri nimwachie karma. Nashukuru sikuwasikiliza kwa hilo. Nilikwenda kwa mzee wa mtaa, kisha kwa chifu, tukaandikishana alipe 5,000 kila mwezi. Alilipa miezi mitatu, akahamia kwao kando ya ziwa upande wa Nyando, simu ikawa haipokelewi. Zikabaki 45,000.

Kumwambia aliyedhulumiwa amwachie karma mara nyingi ni njia ya sisi wengine kukwepa kusimama naye. Kudai haki yako nako ni tendo, na ni tendo safi ukilifanya bila uongo. Siku hizi kuna Mahakama ya Madai Madogo kwa deni lisilozidi shilingi milioni 1, wala hulazimiki kuwa na wakili. Atakayesema kwenda huko ni kukosa imani, mwache aseme.

Ila moyoni nilikuwa nimefungua kitabu kingine. Kila asubuhi nilisubiri habari zake. Nilitaka aumwe kidogo, ajue. Miaka miwili.

Mei 2020 maji ya ziwa yalipanda hadi kiwango ambacho hakikuwahi kuandikwa, kikapita hata kile cha 1964 ambacho wazee wetu walikuwa wakikisimulia. Pale Dunga, ufukweni, maji yaliingia kwenye vibanda vya samaki. Upande wa Nyando, ambako mto nao hufurika, watu walitoka na magodoro kichwani. Jirani akanionyesha picha kwenye simu: nyumba ya mwenzangu, maji yamefika dirishani, kuku wamepanda juu ya paa.

"Malipo ni hapa hapa duniani," nikasema, na nikacheka kwa sauti.

Binti yangu alikuwa pale akichambua maharagwe. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, naye alikuwa darasa la saba. Alinitazama, hakusema kitu.

Wiki ile kikundi chetu cha akina mama kilichanga unga na sabuni tukapeleka kwa waliohama. Sitaficha: sikwenda kwa huruma. Nilitaka kumwona amekaa chini. Sikumkuta, alikuwa kwa dada yake. Niliyemkuta ni mjane mmoja ninayemfahamu tangu utotoni, mwanamke aliyewalea wajukuu sita na watoto wawili wa jirani waliofiwa, ambaye sijawahi kusikia amemnyima mtu maji ya kunywa. Nyumba yake ilikuwa ndani ya maji zaidi kuliko ya mwenzangu. Alikuwa amekalia debe, miguu imevimba. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akaniuliza hali ya wanangu.

Nilirudi na boda boda nimenyamaza njia nzima. Kama mafuriko yalikuwa malipo ya mwenzangu, ya huyu mama yalikuwa malipo ya nini? Maji yalipanda kwa sababu mvua za miezi ile zilikuwa nyingi kupita kawaida, na ziwa lina mlango mmoja tu mkubwa wa kutokea, ule wa Nile kule Jinja. Yalimfuata aliye chini. Hayakuuliza jina la mtu. Na mimi nilikuwa nimesimama mahali pale pale walipokuwa wamesimama watu waliomtazama baba mdogo. Rafiki zake Ayubu walisimama hapo pia: wakamwona na majipu, wakaanza kumtafutia dhambi. Na wanafunzi wa Yesu, walipomwona kipofu, swali lao la kwanza lilikuwa ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Akajibu kwamba si yeye wala wazazi wake.

Basi karma ni uongo? Siku kadhaa nilidhani hivyo, na nilihisi kama nimetua mzigo.

Halafu Juni akaja nyanya mmoja, dani wa mtaa wa pili, mteja wangu wa miaka. Nilikuwa nimekwenda kuchota maji, binti akamhudumia. Baada ya nusu saa nyanya akarudi na mahindi yake kwenye kikapu, na mkebe wake wa nyumbani chini ya kwapa. Mbele yangu akamimina mahindi kwenye mkebe wake. Gorogoro mbili alizolipia ziliujaza mkebe mara moja, na mara ya pili ukabaki na pengo la zaidi ya upana wa vidole vitatu. Hilo lilizidi hata kitako changu kilivyozoea kula. Nikamgeukia binti, nikamwambia apime tena mbele yangu. Akachukua gorogoro kwa mkono wa kushoto, vidole vinne vikaingia ndani ya mkebe kana kwamba ni mahali pake, akajaza juu ya vidole, akamimina haraka kwenye kikapu kabla jicho halijafika.

Ulikuwa mkono wangu. Namna ya kukunja kiwiko, namna ya kumwangalia mteja usoni na kutabasamu wakati wa kumimina. Sikuwahi kumfundisha. Mimi mwenyewe vidole nilivitumia kwa wateja wachache tu, wale wasioona vizuri au wenye haraka, na nilidhani hakuna anayeona.

Nyanya hakugomba. Alikusanya mahindi yake, akasema kwa Kijaluo, taratibu, "Mtoto wako amejifunza vizuri."

Hapo ndipo nilipomwelewa Mzee na msumari wake wa mkono. Miaka ya baadaye nilisoma kwenye simu yangu maneno ya mwalimu Yajnavalkya katika Brihadaranyaka Upanishad, maandiko ya Wahindu ya kale sana, kwamba mtu huwa mwema kwa tendo jema na huwa mbaya kwa tendo baya. Hasemi atalipwa. Anasema huwa. Nilikuwa nimekaa miaka nikiangalia angani kiboko kitashuka kwa nani, na wakati huo kazi yangu ya kila siku ilikuwa ikinifinyanga mimi, na kutoka kwangu ikamfinyanga aliyekuwa ameketi karibu nami akichambua maharagwe.

Wahindu wana mfano ambao kwa muuza nafaka hauhitaji mkalimani. Kuna karma iliyo ghalani, sanchita, akiba yote ya nyuma. Kuna iliyokwisha tolewa na kuwekwa chunguni, prarabdha, hiyo utaila, hakuna kurudisha. Na kuna mbegu iliyo mkononi sasa hivi, ambayo haijaingia ardhini. Mimi ni Mkristo, kuzaliwa mara nyingi si imani yangu na sitajifanya ni yangu. Lakini mbegu iliyo mkononi naijua. Hiyo peke yake ndiyo ninayoweza kuiamua.

Jioni ile nilimpimia nyanya upya, nikamwongeza gorogoro nzima, nikamwomba msamaha mbele ya binti. Kwa binti nilichelewa. Nilimwambia usiku, taa imezimwa, kwamba mwizi ni mimi, si yeye. Alikaa kimya muda mrefu kisha akauliza kama tutakula nini sasa. Lilikuwa swali la haki. Tulipiga hesabu pamoja kwenye daftari lake la shule. Gorogoro tatu kwa gunia, magunia mawili kwa wiki. Tuliona pa kupunguza: tukaacha kuuza mchele, ambao ulikuwa ukikaa na kushika wadudu, tukaongeza njugu.

Nilinunua gorogoro mpya. Ya zamani nilijaribu kuigonga kutoka ndani, bati likapasuka.

Sikutajirika. Naona ni lazima niliseme, kwa sababu simulizi za namna hii hupenda kumalizika kwa wateja kupanga foleni. Wateja watatu wanne waliongezeka, nadhani ni kwa maneno ya nyanya. Mama aliyenifundisha kugonga kitako aliacha kunisalimia kwa muda, akidhani nawasema. Faida ya 2020 ilishuka na ile ya 2021 haikupanda sana. Kilichobadilika ni kidogo na kiko karibu. Mteja akisema mahindi yana fukusi, siruki tena kujitetea, naangalia mahindi. Nikirudishiwa chenji iliyozidi, narudisha kabla mkono haujaanza kufikiri, maana nimegundua mkono ukipewa nafasi ya kufikiri hutoa sababu nzuri sana. Na nia naipima. Kuna siku nilimpa mtu bure nikitaka nionekane. Nililala nikilijua hilo, na kesho yake nilimpa mwingine wakati hakuna mtu kibandani.

Mafunzo haya hayakai. Nikichoka, nikidaiwa karo, vidole vinakumbuka njia ya zamani vyenyewe. Mwaka jana nilijikuta vimeingia ndani ya mkebe, viwili, mbele ya mwanamume aliyekuwa akiongea kwenye simu. Nikavitoa. Hakuona. Miaka 11 haifutiki kwa mitano.

Machi, mvua zilipokaribia, mwenzangu alikuja kibandani. Amezeeka kuliko umri wake. Alisimama pembeni hadi wateja walipoisha, akasema anataka mahindi ya chakula, shamba limelimwa lakini nyumbani hakuna kitu. Hakuniita dada. Nilimpimia gorogoro nne, vidole nje, nikapangusa mdomo wa mkebe mbele ya macho yake, nikaongeza ukufi. Alilipa mbili, mbili akaomba zisubiri hadi Jumamosi. Nikaandika. Ukurasa ule ule, juu kidogo, zipo 45,000 kwa mwandiko wangu wa 2018. Aliziona. Akasema, "Na hizi najua," akabeba mfuko wake. Nilimwita arudi, nikamwambia anaweza kuanza na mia tano mwisho wa mwezi. Akakubali kwa kichwa, akavuka barabara.

Jumamosi alileta za gorogoro mbili. Mwisho wa mwezi bado haujafika.